Marehemu wa Nyumba Moja

Watu wa Makangale wakitaka kumtaja Mardhiya binti Mjaka hawasemi yule mshona majamvi, ingawa majamvi yake yanaanikiwa karafuu mpaka Konde. Husema yule aliyemfungia marehemu mlango. Jina limemganda, na yeye mwenyewe akilisikia hukaza ukili mkononi, ule ukanda wa majani ya miyaa anaousukia majamvi.

Ni mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, umri wake arubaini na kidogo. Hukaa barazani kwake kutwa, mgongo ukutani, anasuka ukili bila kuuangalia. Macho yake huwa njiani. Njia ile hupita mbele ya baraza, ikazunguka migomba, ikaishia kwa Rahila, mke mwenziwe. Tangu mume wao Msellem alipomuoa Rahila, hakuna mtu aliyekwenda kwa Rahila asionekane na Mardhiya, wala chungu kilichopikwa kule ambacho yeye hakukijua kwa harufu.

Msellem alikuwa seremala. Mwezi ulikuwa ukigawika siku mbili mbili, mbili kwa Mardhiya, mbili kwa Rahila, na hakuna aliyekuwa na la kumlaumu. Lakini kazi ya Pemba ilipokuwa chache alianza kwenda Msumbiji, upande wa kaskazini, kutengeneza vitanda na milango na Wapemba wenzake waliotangulia. Kila ikikaribia Ramadhani alirudi. Safari ya mwisho, siku ya kuondoka iliangukia zamu ya Rahila. Haikupangwa na mtu. Begi likafungiwa kwa Rahila, mkate wa kumimina wa njiani akaupika Rahila, na dua ya safari ikasomwa uwanjani kwa Rahila. Mardhiya aliaga akiwa amesimama chini ya migomba kama jirani.

Miezi michache baadaye vurugu zikaingia kule Msumbiji. Maduka yakachomwa, watu wakakimbia porini. Wapemba waliofanikiwa kurudi waliulizwa habari za Msellem, wakasema walimwona Alhamisi, na Ijumaa hawakumwona tena. Simu yake haikuita.

Wanawake wa kijijini walianza kwenda kutoa pole. Walikwenda kwa Rahila, kwa kuwa ndiye aliyemsindikiza. Wakirudi walipita mbele ya baraza ya Mardhiya.

"Twatoka kwa Rahila, maskini. Hali, halali."

"Na mie je?" Mardhiya akauliza.

"Na weye pole."

Ile "na weye" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na saba alikuwa na Msellem kabla mtu hajalijua jina la Rahila. Leo huzuni ya mumewe anagaiwa mabaki!

Alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili. Ulipopita wa nne alivaa buibui lake zuri, akenda kwa Sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, akachukua barua ya kusema kwamba Msellem hajulikani alipo, akapanda kwenda Wete, Mahakama ya Kadhi. Alikuwa hakumwambia mtu. Pale mahakamani alifahamishwa kwamba mtu wa namna hiyo huitwa mafqudi, yaani aliyepotea asijulikane yu hai au kafa, na kwamba mke akishangojea miaka minne anaweza kumwomba Kadhi ahukumu kuwa mumewe amefariki. Karani alijaza karatasi. Alipofika pa kuandika wake, akauliza:

"Ana wake wangapi?"

Mardhiya akavuta buibui lake. "Mimi ndiye mkewe."

Karani akaandika mmoja. Mardhiya hakusoma sana, lakini tarakimu ya moja aliijua, na aliiona ikiandikwa. Hakusema kitu. Hakusema uongo, alijiambia njia nzima ya kurudi. Kaulizwa, kajibu. Yeye si ndiye mkewe?

Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, yeyote mwenye habari za Msellem afike. Hakufika mtu. Rahila alilisikia kama walivyolisikia wote, na siku ya pili bombani, ndoo kichwani, akasema mbele za watu:

"Kila mtu na wa kwake. Wake kafa. Wangu hajafa."

Hukumu ikatoka. Cheti cha kifo kikatoka. Mardhiya akakaa eda miezi minne na siku kumi, kajitanda nguo nyeupe, hana wanja, hana udi, hatoki. Khitma ilisomwa uwanjani kwake. Wanawake wale wale waliokuwa wakimpita sasa walikuja kwake na mabakuli ya uji, wakamshika mikono, wakamwita mjane. Zile siku, Mwenyezi Mungu amsamehe, zilikuwa siku zake tamu kuliko zote tangu Msellem aoe mke wa pili. Kitu kimoja tu kilimkera. Kila Ijumaa Rahila alipita njiani na hina mpaka viwikoni, kavaa kanga inayometa, kama mtu anayemngojea mgeni wa jioni.

Eda ikaisha. Ikapita miezi miwili.

Jumatano moja, kabla ya adhuhuri, Mardhiya alikuwa ndani akipasua miyaa. Akasikia hodi. Akachungulia. Mlangoni alisimama mtu mwembamba, ndevu nyeupe, jino la mbele hana, kashika mfuko wa plastiki.

"Mardhiya," yule mtu akasema. "Mie."

Sauti ilikuwa ya Msellem. Mardhiya alimsomea khitma Msellem huyu. Alimlilia, akamkalia eda, akaimaliza. Mtu aliyekwisha somewa hasimami mlangoni na mfuko wa plastiki.

"Audhubillahi!" akapiga kelele, akaubamiza mlango, akatia komeo. Mlango ule wa mvule aliutengeneza Msellem kwa mkono wake, na komeo lake lilikuwa la kuaminika.

Nje kukawa kimya. Halafu yule mtu akakohoa. Mardhiya akafikiri, wafu hawakohoi. Akafikiri tena. Akanyosha mkono kwenye komeo, na hapo hapo akazisikia nyayo zinaondoka. Zilizunguka migomba. Alihesabu moyoni hatua zilizobaki mpaka mlango wa pili, akazipatia sawasawa, kwani alipomaliza kuhesabu kilipaa kigelegele kimoja kirefu kutoka kwa Rahila.

*

Msellem hakufa. Alikamatwa porini bila ya karatasi, wakamdhania mmoja wa wale wenye bunduki, akawekwa ndani miaka. Namba za watu wake zote zilikuwa ndani ya simu, na simu ilichukuliwa siku ya kwanza. Walipomwachia alirudi kwa miguu na kwa malori mpaka Mtwara, na kutoka Mtwara akaombewa nauli msikitini. Hayo Mardhiya hakuyasikia kwake. Aliyasikia kwa jirani, Bi Shatha, mwanamke asiyeweza kulala na habari tumboni.

"Basi mbona haji kwangu?" Mardhiya akauliza. "Namfungulia. Mwambie nshajua si mzuka."

Bi Shatha akavuta mkeka, akakaa vizuri. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Kataka kuja. Baada ya sala alisimama, akasema aja kwako. Shehe Jawad wa msikitini ndiye aliyemzuia."

"Kamzuia kwa lipi?"

"Kasema, ngoja. Yule mwanamke kaomba hukumu, kapewa. Kakaa eda, kamaliza. Leo weye kwake ni marehemu. Mpaka Kadhi aseme jengine, usiingie nyumba ile."

"Na kwa Rahila?"

Bi Shatha akashusha sauti, japo walikuwa wawili tu. "Watu walimuuliza hivyo hivyo. Akasema Rahila hakuomba kitu, hakukaa eda, na jina lake halimo katika karatasi. Hakuna aliyemwachisha na mumewe."

Mardhiya akaacha kusuka. Ile moja aliyoiona ikiandikwa Wete ilimrudia mbele ya macho, imesimama wima kama kidole.

Siku zilizofuata zilimla. Barazani hapakaliki na ndani hapalaliki. Kutwa alisikia nyundo kule nyuma ya migomba. Msellem alikuwa anamtengenezea Rahila kabati la vyombo. Kaka kaka kaka, halafu kimya, halafu kicheko. Nyundo aliivumilia. Kicheko ndicho kilichomtoa jasho. Alijua Msellem hacheki na mbao. Harufu ya udi ilikuja na upepo. Siku ya tano ilikuja harufu ya pweza wa nazi, na Mardhiya, ambaye ndiye aliyemfundisha Msellem kula pweza, aliondoka akenda kukaa jikoni kwake, akawasha kuni mbichi ili moshi umfunike.

"Kanenepa," Bi Shatha akaleta habari.

"Kwa siku tisa?"

"Kanenepa, wallahi. Mashavu yamemrudi."

"Ondoka, Bi Shatha."

"Naondoka. Lakini kanenepa."

Msellem mwenyewe alitokea wiki ya tatu. Hakuvuka uwanja. Alisimama njiani, upande wa pili wa mstari wa mawe, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mardhiya alimwangalia kwa pembe ya jicho. Kweli alinenepa.

"Salaam aleikum, Mardhiya."

"Waaleikum salaam. Simama hapo hapo, marehemu. Usije ukatutia madhambini."

Msellem akacheka kidogo, pengo likaonekana. "Nimekwenda Wete kutaka kitambulisho kipya. Kijana wa pale ofisini akatia namba, akaniangalia, akaangalia kompyuta. Akaniambia, mzee, hapa umekwisha fariki. Nikamwambia, mwanangu, mie naumwa na mgongo hivi nnavyokwambia. Akasema, mgongo sina pa kuuandika. Lete hukumu ya mahakama."

"Basi kailete."

"Aliyeomba nife ni weye. Ni weye utakayekwenda kuomba nifufuke. Na mashahidi wawili." Akakuna ndevu. "Na jengine. Nikenda mahakamani. Karani kaniuliza nna wake wangapi, nikamwambia wawili. Akafungua faili, akaona mmoja. Kenda kumwonesha Kadhi. Kadhi kasema waje wote wawili mbele yake."

Mardhiya aliinamia ukili. Masikio yalimwaka moto. "Basi mwambie mkeo ajitayarishe."

"Nimemwambia. Kasema hendi kwa kuitwa na mwanamume. Ataitwa na aliyemfuta."

Akaondoka. Mardhiya alimwangalia mgongo mpaka migomba ikammeza, na alilijua jambo moja wazi kama mchana. Asipokwenda kwa Rahila, mume yule atabaki marehemu wa nyumba moja mpaka siku atakapokufa kweli, na hata hapo atazikwa akitokea kwa Rahila.

Alikaa na jambo hilo siku nne. Ya tano, baada ya sala ya alasiri, alijitanda kanga, akaifuata ile njia. Katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kufika mwisho wake.

Rahila alikuwa uwanjani anachambua mchele. Ni mwanamke mrefu, mdogo kwa Mardhiya kwa miaka kumi, na ana mwanya. Hakusimama.

"Karibu, dada. Mjane kaingia kwangu, sijui nitoe pole au nitoe kiti."

"Toa kiti."

Kiti kikatolewa. Kutoka pale alipokaa Mardhiya aliliona kabati kupitia mlangoni. Lilikuwa jipya, la mbao za mkenge, milango yake miwili ina maua ya kuchonga. Kwake Msellem hakuwahi kuchonga ua.

"Nimekuja kukuomba twende Wete," akasema.

"Nende kama nani?"

"Kama Rahila."

"Rahila nani? Kuna Rahila wengi. Huyo wa Msellem nimeambiwa hayumo katika karatasi."

"Rahila, usinichezee."

"Sikuchezei. Nataka nijue nendako nenda kama nani. Shahidi? Jirani? Mpita njia?"

"Kama mke mwenzangu."

"Sema tena, dada. Sikio hili limeingia maji."

"Mke mwenzangu! Limetoka?"

Rahila akaweka ungo chini. Mardhiya alidhani atacheka, akajitayarisha kwa kicheko. Hakucheka.

"Wajua nilikuonea wivu eda yako?" Rahila akasema. "Miezi minne nyumba yako imejaa watu. Wanakushika mkono, wanakuletea uji. Mie nimekaa hapa na hina yangu peke yangu. Nikilia, watasema basi na yeye kakubali kuwa kafa. Nisipolia, watasema hana moyo. Huzuni yote uliichukua weye, ukaitia kwenye karatasi, ukaisajili. Hukuniachia hata ya kujifutia macho."

Maneno yalimwingia Mardhiya, hilo hawezi kukataa. Lakini hata yalipokuwa yanamwingia jicho lake lilikuwa kwenye yale maua ya kabati, anayahesabu. Yalikuwa manane.

"Nitakuja," Rahila akasema. "Kwa sharti. Kadhi akiuliza kwa nini jina langu halimo, usiseme karani kakosea. Sema weye, kwa ulimi wako."

*

Mahakamani walikaa benchi moja, Msellem katikati, kila mke ubavu wake. Nyuma yao Shehe Jawad na Sheha, waliokuja kushuhudia kwamba mtu huyu ndiye Msellem waliyemjua. Kadhi alikuwa mzee mtaratibu, miwani imemshukia puani. Aliwasikiliza mashahidi. Akamwambia Msellem asimame, akamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye niliyekuua?"

"Ndiye mie, Shehe."

"Utanisamehe." Akageuza kurasa. "Muombaji, simama. Hapa pameandikwa mke mmoja. Mbele yangu naona wawili. Imekuwaje?"

Mardhiya alisimama. Chumba kilikuwa kidogo na feni ilikuwa inalia. Alilifikiria lile neno la kwamba karani kakosea, likamfika mpaka kwenye ulimi. Akamwona Rahila anamwangalia.

"Niliulizwa ana wake wangapi, nikasema mimi ndiye mkewe. Nikaona karani anaandika mmoja. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa wivu, Shehe."

Karani akainamia meza kuficha uso. Kadhi hakucheka. Akavua miwani.

"Mwanangu, mauti hayagawiwi kwa zamu. Kama alikufa, alikufa kwa nyumba zote mbili, na huyu alistahiki kuarifiwa, kusikilizwa, na kukaa eda kama wewe. Kama yu hai, yu hai kwa wote wawili." Akavaa miwani tena. "Hukumu ya kwanza ilisimama juu ya dhana. Leo imekuja yakini, na yakini huiondoa dhana. Naitengua. Cheti kifutwe. Hukuolewa na mtu mwengine, basi ndoa yako iko pale pale, na ya mwenzio iko pale pale."

Mardhiya akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Makangale. Lakini Kadhi alikuwa hajamaliza.

"Na nyinyi mashahidi, nasikia mlimzuia asiingie kwa mkewe huyu. Tahadhari si mbaya, ila mngenijia siku ile ile. Siku aliyosimama mlangoni kwake, alikuwa mumewe."

Shehe Jawad akakohoa, akaangalia dirishani.

"Ni siku thelathini na sita hizo, Shehe," Mardhiya akamwambia Kadhi. Alikuwa nazo kichwani. "Zangu ni kumi na nane. Nitalipwa na nani?"

"Ulizikosa kwa sababu ya nani?"

Mardhiya akamwangalia Shehe Jawad. Akamwangalia Rahila. Kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe, akakaa.

Kadhi akasema zamu zianze upya, na wa kwanza apatikane kwa kura, pasiwe na maneno. Karani akakata vikaratasi viwili, akavikunja, akamwambia Msellem achukue kimoja. Msellem alichukua kwa ncha za vidole, kama kwamba ndani yake mna nge. Karani akafungua.

"Rahila."

Rahila akatazama mbele, akafunga mwanya wake, akafikiri. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenziwe chumvi:

"Zamu yangu ya kwanza nampa dada."

"Inajuzu," Kadhi akasema. "Mke anaweza kumwachia mwenziwe zamu yake. Mardhiya, wapokea?"

Siku thelathini na sita za nyundo na udi na pweza. Mume yuko pale, kiganja kimoja kutoka goti lake, amenyoa ndevu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni ndiyo. Shehe Jawad alikwisha anza kutikisa kichwa kwa furaha, kwamba mambo yamekwisha vizuri.

"Sipokei," Mardhiya akasema.

"We Mardhiya!" Msellem akamwita kwa mnong'ono.

"Sipokei, Shehe. Akija kwangu aje kwa zamu yangu. Asije kwa zamu ya mtu, kesho nikaambiwa nilipewa."

"Nimekupa kwa moyo safi, dada," Rahila akasema.

"Najua. Ndiyo maana siitaki."

Kadhi aliwaangalia wote watatu, mmoja baada ya mwengine. Kisha akavuta ile hukumu, akatia saini.

Walirudi Makangale. Msellem akaenda kwa Rahila siku zake mbili. Mardhiya alizikaa siku hizo mbili barazani. Nyundo haikusikika. Kicheko alikisikia mara moja, siku ya pili, akaukaza ukili mpaka ukakatika.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Msellem alivuka mstari wa mawe. Mlango ulikuwa wazi. Mardhiya alikuwa amefagia, amepika, amejitia wanja kwa mara ya kwanza tangu eda. Msellem alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akasema bismillahi, akanyosha mkono kwenye sinia. Mardhiya akamsogelea kumwekea maji. Akanusa.

"Livue shati."

"Kwa nini? Nimelivaa leo leo, safi."

"Linanuka udi. Udi si wangu. Livue."

Msellem akalivua, akabaki na fulana, akaendelea kula. Hakulalamika. Miaka mitano ndani ilimfundisha la kulalamikia na la kunyamazia. Mardhiya akalichukua shati, akenda nalo uani, akalitia ndoo ya maji na sabuni, akalifua, akalisuuza, akalifua tena. Kamba yake ya kuanikia ilikuwa nyuma ya nyumba. Aliifungua. Akaja nayo mbele, akaifunga kutoka nguzo ya baraza mpaka kwenye mnazi, njia nzima ikaikabili, na hapo akalianika.

Rahila alipita jua linazama, ndoo kichwani, anatoka bombani. Akaliona. Akapunguza mwendo.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo, mke mwenzangu," Mardhiya akajibu kutoka barazani. "Karibu."

"Nshakaribia."

Shati lilikauka usiku ule ule. Siku mbili zilipokwisha Msellem aliondoka na jengine. Lile Mardhiya hakuliteremsha.